Wasichana wa mzazi mmoja na shule: daftari langu la mahudhurio linafuata mwezi

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za singo maza humu nimezisoma nyingi, na karibu zote zinaishia mahali pamoja: binti asiye na baba nyumbani hana wa kumwogopa, kwa hiyo shule lazima imshinde. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kutwa hapa Mwanza, upande wa ziwani. Huu ni mwaka wangu wa saba kuwa mwalimu wa darasa, maana yake daftari la mahudhurio liko mkononi mwangu kila asubuhi. Naomba niwaambie daftari linasema nini, halafu tubishane.

Mwaka wa kwanza niliona utoro wa kawaida tu. Huyu kaumwa, yule kafiwa, mwingine sare imelowa. Mwaka wa pili nikashtuka. Kulikuwa na wasichana kama kumi wanaopotea pamoja na kurudi pamoja. Hawakai mtaa mmoja, wengine hata hawasalimiani. Nikadhani wana njama. Nikawaita mmoja mmoja, nikapata visingizio kumi. Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayetupikia uji pale shuleni. Aliniuliza tu: "Mwalimu, hujaona kuwa ni giza?"

Kwa msiolijua ziwa: dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nyavu zinafanya kazi yake. Mbalamwezi ikikomaa, taa haina maana tena, na mitumbwi inapumzika mpaka mwezi upungue. Kwa hiyo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa, tunahesabu kwa giza na mbalamwezi, si kwa Januari na Februari.

Wakati wa giza, mama anayenunua dagaa wabichi na kuwaanika anatakiwa awe mwaloni alfajiri mitumbwi inapoingia. Anagombea ndoo, anabeba, anamwaga, anatandaza, anageuza, anafukuza kunguru na kuku, jioni anakusanya. Mvua ikimnyeshea, dagaa wake wanashuka daraja, wanauzwa chakula cha kuku. Nyumbani nako kuna mtoto wa kunyonya, kuna wa darasa la pili, kuna maji ya kuchota. Kama kuna mtu mzima wa pili, wanagawana. Kama hayupo, nafasi yake inajazwa na binti mkubwa. Kaka yake simwoni kwenye orodha yangu ya watoro wa giza. Kaka yake yuko darasani, au yuko uwanjani.

Mbalamwezi ikija, wale kumi wote wapo, wamekaa mstari wa mbele kabisa kwa hamu ya kufidia. Ila ndiyo wiki ambayo mama hana biashara, kwa hiyo hela ya chakula cha mchana haipo, hela ya mtihani wa majaribio haipo, daftari limeisha. Giza kuna hela, binti hayupo. Mbalamwezi binti yupo, hela hakuna. Mtu akiniambia elimu ni bure namkubalia nusu. Ni kweli tangu Januari 2016 hakuna ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 hata cha tano na cha sita. Ila wingu likitanda upande wa ziwa saa nne asubuhi, mimi najua kabla halijatonya nani atanyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na najua hatarudi: amekimbilia dagaa wa mama wasinyeshewe.

Nayajua haya kwa sababu nimeyaishi. Baba yangu alikwenda machimboni Geita nikiwa darasa la tatu, akawa haji. Mama akabaki na sisi wanne na chanja moja ya kuanikia. Sikuacha shule kwa sababu moja tu: nikiwa kidato cha kwanza, bibi mzaa mama alihamia kwetu. Hakuweza kubeba ndoo, lakini aliweza kukaa kwenye kigoda na fimbo, akafukuza kunguru kutwa nzima. Fimbo ile ndiyo iliyonipeleka chuo.

Ndiyo maana nasema tatizo la wasichana hawa ni muda. Mzazi mmoja akiondoka, mshahara wake unaweza kutafutwa, hata kwa kukopa. Saa zake za kazi hazikopwi popote, zinakatwa kwa binti mkubwa.

Karibuni. Matusi sitaki.

Bajaji Nyekundu

Mwalimu umeandika vizuri ila unazunguka mbuyu. Mimi niko barabarani kila siku. Saa mbili usiku nawaona wasichana wa sekondari wanazagaa stendi, na nikiuliza, wengi ni wa mama peke yake. Baba angekuwepo wangethubutu? Nyumba bila mwanaume haina amri. Huo mwezi wako ni ushairi.

Chai ya Rangi

Ngoja nikae kwa kutulia. Chapati zipo?

Kifungua Mimba

Bajaji Nyekundu, kaka yangu, saa mbili usiku mimi pia nilikuwa barabarani. Nilikuwa natoka mashine kusaga mahindi ya uji wa kuuza kesho yake. Hakuna bajaji iliyowahi kuniuliza natoka wapi. Waliniuliza naenda wapi.

Mimi ni wa Dar, Mbagala. Mama alikuwa mama lishe. Mimi ndiye niliyekanda maandazi saa tisa usiku, niliyemwogesha mdogo wangu, niliyempeleka shule yake kabla sijaenda yangu. Nilifika nimechelewa, nachapwa fimbo mbili getini, naingia darasani nasinzia. Mwalimu wa hisabati alinipa jina la Usingizi na darasa zima likalishika. Hata leo nikikutana na niliosoma nao wananiita hivyo, wanacheka, na mimi nacheka.

Kidato cha nne nilipata sifuri. Wadogo zangu wawili wana digrii. Watu wakija nyumbani wanampongeza mama kwa kusomesha, na anastahili. Hakuna aliyewahi kugundua kuwa ada yao nyingine nilikuwa mimi.

Simlaumu mama. Naandika kwa sababu mwalimu ameuliza kuhusu muda, na ni mara ya kwanza naona mtu anauliza hivyo.

Ofisi ya Kata

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mkoa sitautaja. Mada hii ni kazi yangu ya kila siku, niongeze upande wa sheria maana naona tunamwacha baba aende zake kama vile hakuwepo.

Kwa waliozaliwa zamani: kabla ya Sheria ya Mtoto ya 2009, sheria ya zamani iliyohusu mtoto wa nje ya ndoa ilikuwa inaweka matunzo ya shilingi 100 kwa mwezi. Msishangae, ni mia moja. Ilibaki kwenye vitabu mpaka wakati ambapo mia haikununua hata kiberiti na andazi. Sheria ya 2009 iliifuta. Sasa mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, wategemezi wengine walionao na gharama za maisha ya pale mtoto anapoishi. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba.

Sasa kwa nini akina mama hawaji? Sababu ya kwanza ndiyo ya mwalimu: kuja kwangu ni siku nzima, kwenda mahakamani ni siku nyingine, na kesi ikiahirishwa mara tatu mama ameshapoteza giza zima. Ya pili ni kitisho cha miaka saba. Wanaume wengi wanaamini mtoto akitimiza miaka 7 ni wa baba, kwisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vyema akae na mama yake, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Baada ya hapo kinachopimwa ni ustawi wa mtoto, si kumkabidhi baba moja kwa moja. Ila mtaani imegeuzwa fimbo: "Nidai matunzo uone, akifika saba nakuja kumchukua." Na miaka 6 na 7 ndiyo umri wa kuanza darasa la kwanza. Nimekutana na mama aliyechelewesha kumwandikisha binti kwa sababu alijua jina la mtoto likiingia kwenye orodha ya shule, upande wa baba utajua alipo.

Baba wa Wasichana Watatu

Naona mzazi mmoja humu ni mama tu. Mimi ni baba, mke wangu alifariki mkubwa akiwa darasa la tano. Kahama.

Nikiri kitu kwanza. Msiba ulipoisha, majirani walinipikia miezi miwili. Wanawake wa jumuiya walifua nguo za watoto bila kuombwa. Jirani yangu, mama aliyeachwa na watoto wanne, hakuna aliyempelekea hata kisado cha unga. Baba akilea watu wanalia, mama akilea watu wanauliza alimkosea nini mumewe.

Sasa ya shule. Binti yangu mkubwa alianza kukosa siku nne kila mwezi. Anasema kichwa, anasema tumbo. Nilimpima malaria mara tatu, nikanunua dawa. Mwalimu wake wa kike akanipigia simu, akazunguka zunguka, mwisho akasema: "Baba, mtoto ni mkubwa sasa." Nilikaa kwenye benchi la dukani nimeshika simu. Mimi nilimnunulia viatu, begi, kila kitu, ila hilo halikunijia kichwani, na yeye alikuwa anakata kanga za marehemu mama yake. Aliona heri akose hesabu kuliko kuniambia mimi.

Siku hiyo nilinunua taulo za kike pakiti kumi na mbili kama mtu anayefungua duka. Muuzaji alinitazama vibaya. Wengine mtakumbuka bajeti ya 2018 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye hizo taulo, mwaka uliofuata ikarudishwa, ikasemwa bei haikushuka. Ni kweli, dukani kwangu sikuona tofauti.

Kosa langu la pili: ndugu walisema mwanaume halei wasichana, wapeleke kwa bibi. Nikampeleka wa katikati kijijini, nikaacha habari za uhamisho, nikidhani shule ni shule. Kumbe kila mwanafunzi wa msingi ana namba kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na mtoto asipohamishwa kwenye mfumo anakaa darasani kama mgeni tu. Darasa la saba jina lake lilikuwa bado Kahama. Nilisafiri usiku kulifuatilia. Alifanya mtihani, lakini nimezeeka miaka mitano kwa wiki moja.

Kitinda Mimba

Nimesoma alichoandika Kifungua Mimba nikafunga simu. Nimerudi.

Mimi ni mvulana wa mwisho, mama peke yake, dada mmoja juu yangu. Sikuwahi kuosha sahani niliyolia chakula. Shati langu la shule lilikuwa limepigwa pasi ya mkaa kila Jumatatu na sikuwahi kujiuliza nani aliamka kuwasha huo mkaa. Dada aliacha shule darasa la sita. Jana usiku nimempigia, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema: "Wewe ulikuwa na surua, mama yuko sokoni. Nilikaa nyumbani wiki ile, halafu ikawa hivyo."

Hakukuwa na kikao, wala aliyetamka kuwa dada aache. Surua yangu ilipona, yeye hakurudi.

Omena wa Kisumu

Habari za huko ndugu zetu. Ziwa ni lile lile, dagaa wenu sisi tunawaita omena, na mwezi ni huo huo. Mwalimu, ulichoandika ningeweza kukiandika mimi kuhusu fuo za Homa Bay.

Kwetu Kenya elimu ya msingi ni bila karo tangu 2003, na sekondari za kutwa serikali ilianza kulipia mafunzo 2008, lakini kuna shule za bweni na hapo ndipo basari, yaani msaada wa karo, inatafutwa. Ili upate basari ya eneo bunge unajaza fomu, chifu anaweka mhuri kuthibitisha hali ya wazazi. Binti yatima anaeleweka haraka. Binti ambaye baba yuko hai mahali fulani anaulizwa maswali ambayo mamake hataki ayasikie. Nilimwona msichana mmoja amepanga foleni kwa chifu tangu asubuhi, akafikiwa, akaulizwa "babako ni nani?" mbele ya watu, akakunja fomu akaenda.

Na katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema wajibu wa mama na baba kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au la. Kwenye karatasi tuko vizuri sana.

Kuna lingine mmelikwepa. Ufuoni kuna jaboya, mvuvi anayemuuzia mama samaki kwa masharti ya kitandani. Binti anayetumwa kuchukua ndoo badala ya mama anakutana na mvuvi huyo huyo. Kwa hiyo mtu akimwambia mama "mtume binti ufuoni wewe ubaki na mtoto" ajue anamtuma wapi.

Mtoto wa Mama

Nyie mnaniudhi, niseme ukweli. Kila mahali ni maombolezo. Mimi nimelelewa na mama peke yake, Tukuyu, shamba la chai la ekari moja na nusu, sasa ni mfamasia. Wenzangu waliokuwa na baba na mama chini ya paa moja, wawili waliozeshwa kabla ya kidato cha tatu. Kwetu mwanaume alikuja na mahari, mama akamwuliza: "Unamwoa nani, huyu anayefanya mtihani Novemba?" Akaondoka. Hakukuwa na baba wa kukaa naye pembeni wakaelewana bei. Mama alikuwa kikao chote, mwenyekiti na katibu.

Kwa hiyo msitufanye wagonjwa. Na mleta mada, umechanganya mambo. Mjane si sawa na aliyeachika, aliyeachika si sawa na yule ambaye mume yuko mgodini mwaka wa nne anatuma salamu.

Mwalimu wa Zamu

Mtoto wa Mama, pigo limefika na nalipokea. Hilo la mama kuwa kikao chote nimeliona pia. Wasichana wangu wawili waliokwenda kidato cha tano mwaka juzi wote ni wa mama peke yake, na wote walikuwa na shangazi au bibi nyumbani. Rudini kwenye fimbo ya bibi yangu. Na tusisahau kuwa hao wa mahari sheria iliwapa mlango: Sheria ya Ndoa iliandikwa ikiruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi na wa 14 kwa kibali cha mahakama. Mahakama Kuu ilisema 2016 kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwenye kesi aliyofungua mwanaharakati Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019.

Kuhusu kuchanganya, umenishika. Nifafanue. Mjane anaumia mara moja na kwa kishindo: mume anazikwa, ndugu wanakuja na kufuli, watoto wanahamishwa katikati ya muhula, namba ya PREM inabaki nyuma kama alivyosema Baba wa Wasichana. Aliyeachika anaumia polepole, kwa ahadi: "mwisho wa mwezi nitatuma." Binti wa huyu ndiye anayekaa darasani kwenye mtihani wa kujipima akiwa hajalipa, kwa sababu mama anasubiri simu.

Na yule wa mgodini ni mimi. Nilipoomba mkopo wa chuo nilijua kitu cha ajabu. Bodi ya Mikopo inamwangalia kwa jicho la pekee mwombaji aliyefiwa na mzazi, lakini anatakiwa awe na cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya vizazi na vifo. Baba aliyekufa ana cheti. Baba aliyeingia shimoni Geita akatokea kwa mke mwingine hana cheti cha aina yoyote. Mama aliniambia, tukiwa kwenye foleni ya mtendaji: "Angekufa tu ingetusaidia," halafu akajiziba mdomo. Tulicheka mpaka mtendaji akatutazama.

Bajaji Nyekundu

Nimerudi. Sijabadili msimamo kuhusu amri nyumbani, ila niongeze kitu ninachokijua mimi kuliko nyie wenye digrii.

Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni mia mbili. Konda anapiga hesabu: wanafunzi watano wanajaza siti, hela haijai. Kwa hiyo asubuhi anawaacha kituoni, au anawaambia wasubiri gari lijae kwanza. Binti ambaye baba yake ana pikipiki anapelekwa. Ambaye hana, anasimama kituoni mpaka saa mbili kasoro. Hapo anatokea kijana wa boda: "Panda dada, utalipa siku nyingine." Siku nyingine ndiyo hiyo mnayoijua. Wenzangu wanafanya, sitakataa. Nilimwambia mmoja aache, akaniambia nimekuwa mchungaji.

Kwa hiyo mwalimu, muda unaousema, sisi tunaukuta kituoni saa moja asubuhi. Hilo nakupa.

Mwalimu wa Zamu

Bajaji, nimeguna peke yangu nikisoma. Ahsante kwa uaminifu.

Na ikitokea "siku nyingine" imezaa mimba, tuna Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021. Tangu Novemba mwaka ule msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule ya serikali, na mwongozo ukaja na kikomo cha miaka 2. Kabla ya hapo mlango ulikuwa umefungwa, tunakumbuka wote kauli ya Rais Magufuli ya 2017. Mimi nilikuwa na mmoja aliyerudi. Aliandika jina lake upya kwa mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote darasani. Alikaa wiki sita. Mtoto alibaki na bibi yake, yaani mama yake binti, ambaye ni mmoja wa mama zangu wa mwaloni. Giza lilipoingia, bibi akaenda kufuata dagaa. Nani akae na mtoto? Waraka haukuwa na jibu la saa kumi alfajiri.

Mama wa Mwaloni

Shikamoo kwa wakubwa. Uzi huu nimesomewa na binti yangu, na yeye ndiye anayeniandikia, kwa hiyo makosa ni yake.

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao wa giza. Si shule yako, ni nyingine, ila maneno ni yangu. Mnasema binti anakatwa muda. Ni kweli. Lakini niambieni nifanyeje. Nilikuwa kwenye kikundi, tulitegemea mkopo wa halmashauri ule usio na riba. 2023 ukasimamishwa nchi nzima. Nikaingia kausha damu, hii mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Nilichukua laki moja, rejesho kila siku. Kila siku, hata mbalamwezi. Anayekusanya hajui mwezi, anajua daftari lake. Akija hujapata anabeba jiko, anabeba sufuria lenye maharage. Kwa hiyo giza likiingia siwezi kukosa hata alfajiri moja. Nikimpeleka binti shule, mdogo wake wa mwaka mmoja nimfunge mgongoni mwaloni kwenye maji saa kumi usiku?

Mikopo imerudi mwaka uliofuata lakini kikundi kilishavunjika, mwenzetu mmoja alikimbilia Ukerewe.

Ruzuku ya TASAF, ule mfuko wa serikali wa kaya maskini, napata, inasaidia daftari. Huwa inakuja ikiwa nadaiwa tayari.

Sijamnyima mwanangu shule. Anaandika hivi akiwa ananitazama. Nimemwambia aandike.

Kifungua Mimba

Mama, shikamoo. Huyo anayekuandikia mwambie dada yake wa Mbagala anamsalimu. Na mwambie alale mapema leo.

Ofisi ya Kata

Mama wa Mwaloni, baba wa mtoto mdogo yupo wapi? Kama unajua alipo, anza na ofisi ya ustawi ya kata yako, si mahakamani. Tunamwita kwa barua kwanza, wengi wanakuja na kukubali kiasi, tunaandikishana. Nenda wiki ya mbalamwezi usipoteze kazi. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kama huna, kadi ya kliniki. Kama kuna ujumbe wa simu aliotuma hela hata mara moja, usiufute, ni ushahidi. Na mkusanya rejesho akibeba jiko bila amri ya mahakama hilo ni la kuripoti, usilikalie kimya.

Chai ya Rangi

Nilikuja kucheka. Chapati zimepoa sijala hata moja. Mwalimu, swali: wewe na hilo daftari lako, umefanya nini zaidi ya kuligundua?

Mwalimu wa Zamu

Swali la haki, na jibu lake ni dogo.

Nimebandika kalenda ya mwezi ndani ya jalada la daftari la mahudhurio. Mazoezi ya wiki ya somo langu nimeyahamishia mbalamwezi, wakati wa giza nafundisha mambo yanayoweza kusomwa kwenye daftari la mwenzake. Mkuu wa shule alicheka, akaniita mnajimu, lakini hakukataa. Mwenzangu wa fizikia amekubali, wa kiingereza amegoma, anasema ratiba ni ya wizara na si ya dagaa. Ana hoja pia.

Kuna watatu wanakuja kwangu saa kumi na moja jioni baada ya kukusanya dagaa, wanasoma mpaka magharibi, kisha nawasindikiza. Mmoja anakuja na mdogo wake mgongoni. Mdogo ameshajifunza kuchora duara kwenye sakafu kwa chaki yangu. Wavulana wawili, kaka zao, nimewapa jukumu la kunakili notisi kwa ajili ya dada zao. Mmoja ananakili vizuri, mwingine anaruka mistari makusudi, nikimkamata anaandika mara mbili.

Mwaka jana walikuwa wanne. Wa nne sijui alipo, namba ya mama yake haipatikani.

Mama wa Mwaloni, muulize binti yako yuko kidato gani na somo gani linamsumbua, aandike hapa hapa. Giza linaingia Alhamisi, kwa hiyo nina siku tatu za kujibu kabla sijapotea na mimi.

Mama wa Mwaloni

Kidato cha pili. Anasema hesabu, za sehemu na za aljebra. Ila ameandika mwenyewe, mimi sijui ni nini.